Santuri za Mwonja Kahawa

Watu wakisikia nimekulia kwenye saksafoni za Wamarekani weusi, wananicheka. Mchagga wa mlimani, binti wa Kilutheri, mwalimu wa jiografia mstaafu, hayo mambo uliyajulia wapi? Wanadhani najidai. Wacha wacheke. Niliyajulia sebuleni kwetu, kwenye zulia la katani, Jumamosi alasiri, mgongo nimeegemeza ukutani na mdomo nimeufunga.

Baba alikuwa mwonja kahawa. Kazi hiyo wengi hawaijui, hata hapa Moshi ambako kahawa ndiyo iliyotusomesha. Alishuka mjini kila asubuhi, akavaa koti jeupe, akakuta vikombe vimepangwa mezani. Anachota kijiko kimoja, anakivuta kwa kelele ambayo mama alikuwa akiionea aibu, anakizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anasogea kikombe cha pili. Wanunuzi kutoka nje walimheshimu kwa ulimi wake. Mmoja wao alimuuliza akirudi amletee zawadi gani, nadhani alitarajia kusikia saa au koti. Baba akaomba santuri. Alikuwa ameisikia moja kwa huyo mgeni, ya mtu anayepuliza kama anazungumza na mtu mmoja tu chumbani, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Neno likaenea kwa wanunuzi wengine. Kila msimu ikaja moja, ikaja mbili, mpaka kabati la vyombo likawa la santuri na vyombo vya mama vikahamia jikoni. Mama hakulisahau hilo. Aliuita ule muziki "mambo ya baa", na wageni wa kanisa wakija aliufunika mlango wa kabati kwa kitambaa.

Kwenye meza ya waonja kahawa kuna sheria moja. Hakuna anayefungua kinywa mpaka wa mwisho amalize kuonja. Ukisema "hii ina uchachu" kabla mwenzako hajaonja, umeshauharibu ulimi wake, ataonja maneno yako. Baba akaileta sheria hiyo nyumbani. Sindano ikishuka, kimya mpaka upande uishe. Hukohoi, huulizi, huombi maji. Nilikuwa darasa la sita nilipokubaliwa kukaa, na kwa miezi kadhaa sikusikia chochote zaidi ya mtu anayelalamika. Upande ukiisha baba anainua sindano, ananigeukia.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia saksafoni, baba."

"Na kingine?"

Hicho "na kingine" ndicho kilichonilea. Baba hakulijali jibu la kwanza hata siku moja. Alisema la kwanza ni la adabu, mtu analitoa ili asionekane mjinga. La pili ndilo lako. Basi nikajifunza kulitupa la kwanza haraka haraka na kungoja niulizwe tena. Nikaanza kusikia pumzi ya mpulizaji kabla ya sauti. Nikamsikia mpiga besi akifuata nyuma kama mtu anayemmulikia mwenzake tochi. Siku moja nikasema yule mpulizaji wa saksafoni, kila akipanda, kuna mahali anakosea, halafu anateremka kwa njia nyingine. Baba akapiga goti lake kwa furaha. "Amekosea kweli! Lakini sikia, analirudia lile kosa mpaka linakuwa lake." Akachukua penseli nyekundu na kuandika maksi kwenye karatasi ya katikati ya santuri, kama alivyofanya kazini na mifuko ya sampuli. Kila santuri ilikuwa na maksi yake.

Mojawapo ndiyo niliyoipenda kuliko kitu chochote cha nyumba ile. Jalada lake lilikuwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda, saksafoni imelala mapajani, anatazama sakafu. Upande wa pili unaanza bila yeye. Piano inazunguka, ngoma zinazunguka kwa brashi, unangoja, unangoja, mpaka unaanza kuona haya kwa niaba yake. Halafu anaingia na noti moja, ya chini, anakaa hapohapo. Hana haraka. Hana anayemwogopa. Nilikuwa msichana wa nyumba ya kanisa, ninayeambiwa kutwa inuka, pokea, pisha, na pale namsikia mtu mzima anayekaa mahali pamoja kwa sababu anataka kukaa. Nililia mara ya kwanza, baba akajifanya hajaona. Nilipoolewa na kuhamia Soweto, mtaa wa hapahapa Moshi mjini, niliendelea kupanda mlimani Jumamosi moja kila mwezi, na siku zote baba alianza na ile, hatukuambiana.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, hakuziweza. Alikuwa nyuma yangu kwa miaka tisa. Dakika mbili hizi hapa, ya tatu yuko migombani anapiga mluzi. Baba hakumlazimisha. Alikua akawa mwongozaji wa watalii wa mlima, mchangamfu, mdomo mwingi, anajua "habari yako" ya lugha saba. Nilimpenda, nisiseme uongo. Nilimbeba mgongoni.

Baba alipofariki tulimzika kihambani, kwenye migomba, na siku ya nne ukoo ukakaa chini ya turubai. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Kwetu mambo yanajulikana kabla hayajasemwa: wa kwanza ana chake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na vilivyomo, na watoto wa kike wana waume zao. Lakini siku hizi wazee wamestaarabika, wanawauliza na wa kike kama wana neno. Zamu yangu ikafika. Mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka, wajomba wanasinzia. Baba mkubwa akanigeukia kwa upole kabisa.

"Na wewe mwanangu, una neno lolote kuhusu vitu vya baba yako?"

Nilikuwa na neno. Mungu anajua nilikuwa nalo mdomoni, siku nne nalo, silali. Nataka santuri. Nyumba kaeni nayo, ng'ombe kaeni nao, mnipe kabati la santuri. Lakini binti aliyeolewa hainuki mbele ya ukoo, udongo wa kaburi haujakauka, akasema nataka. Anasema hana neno. Halafu anabembelezwa, "hapana bwana, sema usiogope", ndipo anasema. Na mimi juu ya hayo nilikuwa mtoto wa yule mzee. Nikatoa jibu la adabu.

"Sina neno, baba mkubwa. Nimeridhika."

Nikainamisha kichwa, nikangoja niulizwe tena.

"Ubarikiwe sana," akasema. "Mmeona? Huyu amelelewa. Haya, tuendelee."

Wakanipigia makofi! Jamani, walinipigia makofi. Shangazi mmoja akanishika bega. Na mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akaufunga. Nilimwona. Nikajisemea, ameshiba huyo, anaona haya kidogo ya mshindi.

Nilirudi Soweto na kidonda. Sikumwambia hata mume wangu, ningemwambia nini, kwamba nimenyimwa nilichokikataa? Basi hasira ikatafuta pa kwenda, ikaenda kwa mdogo wangu. Kila nikimfikiria naliona kabati. Yeye aliyekimbilia migombani, leo anazo zote! Krismasi ilipofika, Wachagga wote wa dunia wanapandisha mlimani, mimi nikasema presha. Mwaka uliofuata presha tena. Namba yake niliifungia kwenye simu. Watu waliponiambia, si zipo mtandaoni zote siku hizi, mwalimu, unasikiliza bure, niliwatukana kimoyomoyo. Nilijaribu mara moja. Katikati ya ile noti ya chini likaingia tangazo la sabuni.

Alikuja nyumbani siku moja, mchana wa Jumapili. Nilikuwa peke yangu, nikaliona gari lake kupitia dirishani. Akabisha geti. Akaita, "Dada! Dada, hodi!" Nikasimama nyuma ya pazia, mikono nimeifumbata, sikuitika. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoondoka nikatoka, nikakuta amechomeka jani la sale kwenye kitasa cha geti. Asiye wa kwetu ataona jani tu, lile refu la kijani tunalopandia mipaka. Wa kwetu anajua. Ukiletewa sale umeombwa msamaha, na haikubaliki kulikataa, hata kama mtu amekuulia ndugu. Nililijua lile jani kama ninavyolijua jina langu. Nikasema, ananiletea majani, santuri amezikalia. Nikalichukua nikawatupia kuku.

Mwaka huu, wakati wa mvua za masika, nilikuwa natoka kliniki ya presha hospitali ya Mawenzi. Mvua ikanikuta mjini, ile ya Moshi isiyoomba ruhusa. Nikajibanza kwenye baraza la duka, na hapo nikaisikia. Piano inazunguka, brashi zinazunguka. Nikasimama kama niliyeitwa. Ilikuwa inatoka kwenye mgahawa wa jirani, na mgahawa wa nani nilijua vizuri sana: mdogo wangu aliacha kupanda mlima magoti yalipomshinda, akafungua mahali pa watalii, kahawa na keki na picha za theluji ukutani. Nilikuwa nimeapa mguu wangu haukanyagi. Lakini mwenye saksafoni alikuwa bado hajaingia, na mimi sikuweza kuondoka kabla hajaingia. Nikaingia mimi.

Mdogo wangu hakuwepo mbele. Msichana wa mapokezi akaniamkia shikamoo, akaniketisha mezani karibu na kaunta, akaniletea chai. Watalii walikuwa wengi, pua zimebabuka, wanaonyeshana vyeti vya kufika kileleni na kuongea kwa sauti juu ya ule muziki kana kwamba ni mvua. Muziki wenyewe ulitoka kwenye spika ndogo iliyounganishwa na simu. Mpulizaji akaingia, akakaa kwenye noti yake, na mzungu mmoja akacheka kicheko kirefu hapohapo. Nikafumba macho. Nikanyoosha mkono kwenye karanga alizoniwekea yule msichana, nikala moja, nikala ya pili, vidole vikagusa kitu chenye mikwaruzo. Mistari. Mistari midogo, mizuri, inayozunguka.

Nikatazama. Bakuli lilikuwa jeusi, kingo zimejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Nikazimimina karanga kwenye kitambaa cha meza. Chini, katikati, kulikuwa na karatasi ya duara, na juu ya karatasi, kwa penseli nyekundu, nane na nusu. Mwandiko wa baba.

Nikageuka meza ya pili. Bakuli jeusi. Ya tatu, jeusi, bisi zimejaa. Ya dirishani, jeusi, kuna mtu amezima sigara ndani yake.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka sauti yangu, maana nilifundisha miaka thelathini na sauti ninayo. "Yuko wapi? Mwiteni! Mwiteni huyo asiye na haya!" Akatoka jikoni anafuta mikono, akaniona, na uso wake ukafunguka kwa furaha, jambo lililonitia wazimu zaidi.

"Dada! Shikamoo dada, karibu..."

"Umemtia baba kwenye oveni!" nikamwambia. "Wewe! Umemkaanga baba yako ukawawekea Wazungu karanga! Hukuzisikiliza hata moja, hata upande mmoja, na ukazipokea, na ukazichoma!"

Watalii waligeuka wote. Mdogo wangu alilitazama bakuli lililokuwa mkononi mwangu, halafu akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Pleya ilikufa, dada. Panya walishaanza kula majalada. Kuna fundi wa mapambo aliniambia zikipata moto zinakunjika vizuri, watu wazione, wazishike. Nilifikiri bora zishikwe kuliko ziliwe."

"Ungeniletea mimi!"

"Nilikuletea."

Nikasema amedanganya. Akavuta kiti akakaa, maana magoti yake kweli yamekwisha, akasema polepole, kwa Kichagga sasa, ili wageni wasidhani wanahusika. Baba akiwa kitandani siku zake za mwisho alimwita. Akamwambia santuri ni za dada yako, zote, mpe mkishamaliza mambo ya msiba. "Pale kikaoni nilitaka kusema," akasema. "Nilifungua mdomo. Lakini ulikuwa umeshasema mbele ya ukoo mzima kwamba huna neno na umeridhika. Ningesimama nikwambie chukua, ningekuwa nakuaibisha, kwamba ulisema uongo. Nikanyamaza. Nikasema nitamletea kwake. Nikapiga simu, haiingii. Nikazipakia kwenye gari, boksi tatu, nimezifunga kwa kamba, juu nimeweka sale. Nikaja. Nikabisha. Niliona pazia linatikisika, dada."

Nikaliweka bakuli mezani.

"Nikasema labda ana wageni. Nikalichomoa lile sale nikakuachia getini, nikajua ukiliona utapiga. Boksi nilikaa nazo kwenye buti mwezi mzima. Kila simu ikilia nafikiri ni wewe."

Nilimwangalia huyu mtu niliyembeba mgongoni. Miaka mitatu nilikuwa nimemchukia kwa kuchukua kitu alichokuwa anakizungusha garini akitafuta mahali pa kunipa. Ningeweza kumlaumu baba mkubwa, kwamba aliuliza mara moja tu. Ningeweza kuilaumu adabu yetu, na baba mwenyewe aliyenifundisha kungoja swali la pili kana kwamba dunia nzima ni sebule yake. Nimejaribu kuwalaumu wote, nikiwa peke yangu, na bado najaribu. Lakini jani nililitupa mimi, kwa mkono wangu, nikijua ni nini.

"Kuna yoyote iliyobaki?" nikauliza.

"Nzima? Hakuna, dada. Nilimpa fundi zote." Akazitazama meza. "Kuna moja ulikuwa unaitaka hasa?"

Nikamtajia jina. Halikuwa na maana yoyote kwake, niliona. Akatoa miwani ya kusomea kwenye mfuko wa shati, akasimama kwa shida, akaanza meza ya kwanza. "Samahani, samahani kidogo," anawaambia watalii, anamimina karanga kwenye leso ya karatasi, anaigeukia taa, anasoma ile karatasi ya katikati, anarudisha karanga. Meza ya pili. Ya tatu. Wageni wakadhani ni mchezo fulani wa mahali, wakaanza kumpisha na kutabasamu, wawili wakatoa simu kupiga picha. Nilisimama katikati ya chumba na maji ya mvua yananichuruzika, nikimtazama mdogo wangu akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, na sikumwambia aache.

Alilipata kwenye meza ya dirishani. Ndilo lililokuwa na kipande cha sigara. Akalimwaga, akalipangusa kwa aproni yake, akapangusa tena, akaniletea kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Wakapiga makofi. Mama mmoja wa Kizungu akasogea na kuuliza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, bakuli hilo zuri linauzwa bei gani. Mdogo wangu akamjibu kwa heshima, anavyowajibu wageni wake siku zote.

"Haliuzwi, mama," akasema. "Ni la dada yangu. Alisahau kulichukua."